Mtoto ana mtindio wa ubongo, nimezungushwa ofisi zote: nianzie wapi?

Dada mmoja kaniandikia hivi kuhusu mwanae mwenye mtindio wa ubongo (ubongo ulioumia mapema, misuli na mwendo havimtii mtoto), nimefupisha kidogo tu:

"Shikamoo mtaalamu. Mwanangu wa kiume ana miaka 4, ana mtindio wa ubongo. Hakai mwenyewe, haongei ila mimi naona anaelewa. Kumlisha kunachukua saa nzima na anapaliwa mara kwa mara. Nambeba mgongoni kila mahali na mgongo sasa unauma mpaka usiku. Hospitali wanasema mazoezi, ustawi wa jamii wanasema lete barua, shule wanasema bado. Mama mkwe anasema nijipumzishe tu, kuna kituo mahali wanapokea watoto kama hawa wanaishi hukohuko. Nimpeleke? Na kama sio, hizi huduma za karibu zinazosemwa ziko wapi, maana mimi sijaziona."

Marahaba dada yangu. Ntakujibu kwa urefu maana umeuliza maswali kama matano ndani ya moja, na ntaanza na la kupaliwa japo wewe umelitaja katikati kama kitu cha kawaida tu, kwa sababu hilo ndo haliwezi kusubiri barua ya mtu yeyote.

Mtoto anayepaliwa mara kwa mara, inawezekana chakula au maji yanaingia njia ya hewa na kushuka kwenye mapafu. Ukiona anatokwa machozi wakati wa kula, sauti inakuwa ya majimaji baada ya kumeza, midomo inabadilika rangi, au ana homa za kifua zinazorudi rudi, usikubali mtu akwambie ndo kawaida yao watoto hawa. Kifua ndo kinachowaumiza na kuwaondoa wengi wao. Nenda kituo cha afya useme hivi hivi: "anapaliwa akila, na kifua kinarudia." Usiseme tu "hali chakula vizuri", manake ukisema hivyo ataandikiwa dawa ya kuongeza hamu ya kula wakati hamu anayo, anachokosa ni njia salama ya kumeza.

Ila leo hii kabla hujamwona mtu, badilisha mkao. Wengi tunawalisha wakiwa wamelala mapajani kichwa kimerudi nyuma, kwa sababu ndo tulivyowanyonyesha na mikono imezoea hivyo. Fanya jaribio wewe mwenyewe sasa hivi, inua kidevu uangalie juu kabisa halafu meza mate. Umeona kazi yake? Sasa shusha kidevu kidogo umeze tena. Hiyo tofauti uliyoisikia ndo tofauti anayoisikia yeye kila kijiko, tena yeye misuli ya shingo na ulimi haimtii.

Kwa hiyo akae wima kadri anavyoweza, makalio yamerudi nyuma mpaka mwisho, magoti yamekunjwa, miguu imekanyaga kitu sio inaning'inia, kichwa katikati na kidevu kimeinama kidogo. Wewe kaa mbele yake, macho yako yawe usawa wa macho yake au chini kidogo, manake ukimlisha umesimama atakuangalia juu na kichwa kitarudi nyuma tena. Kijiko kidogo, kije kutokea mbele sio kutokea juu, na usilete kingine mpaka amemeza kabisa. Kwa wengi wao vitu vyepesi kama maji ndo vinapalia zaidi, vile vizito vilaini visivyo na mabonge vinakuwa na afadhali, ila uzito upi unamfaa yeye inabidi mtu anayejua mambo ya kumeza amwangalie akila, hilo haliamuliwi kwa maandishi. Akimaliza abaki wima kama nusu saa. Na usimlishe akiwa analia au anasinzia. Mlo ukizidi nusu saa kila siku, hiyo ni alama kwamba lishe yake ifuatiliwe kwa karibu, kwa hiyo omba apimwe uzito kila unapokwenda na wewe uwe unaandika, usitegemee faili lao.

Sasa tuje kwenye kuzungushwa.

Nataka nikuombe uache kidogo kuuliza "huduma gani zipo" uanze na "siku yangu inakwama wapi". Najua inasikika kama maneno tu lakini nivumilie. Huduma zimegawanywa kwa ofisi, hospitali wanashika mwili, ustawi wanashika karatasi, shule wanashika darasa, na kila mmoja anakuona kipande. Siku yako wewe haijagawanywa hivyo, ni moja, na mtu pekee anayeiona yote ni wewe. Ukiingia ofisini ukasema "nina mtoto mlemavu naomba msaada" umempa nafasi ya kukujibu kwa kipande chake. Ukiingia ukasema "mwanangu hakai, namlisha saa nzima anapaliwa, nambeba mgongo umeharibika, nahitaji kiti cha kumkalisha wima, nani hapa anashughulika na kiti?" hapo anayekusikiliza ana swali moja la kujibu na ni vigumu kulikwepa.

Hili mimi nilijifunza kwa kumkosea mtu. Miaka ya mwanzo ya kazi yangu (kazi yangu ni kufundisha watu wenye ulemavu na familia zao namna ya kufanya shughuli za kila siku) nilimpa mama mmoja karatasi ya mazoezi 14 amfanyie mtoto mara tatu kwa siku. Karudi baada ya mwezi hajafanya hata nusu, nikamsema mbele za watu kwamba hajali. Baadaye nikaenda kwake nikakaa asubuhi mpaka jioni, nikaona watoto wengine watatu, mgonjwa wa pili ndani, maji ya kuchota mbali, na yeye peke yake. Ile karatasi yangu ilikuwa inadai masaa ambayo hakuwa nayo. Nilimuomba radhi. Tukaiweka pembeni tukachukua vitu vinne anavyofanya kila siku apende asipende, kumlisha, kumuogesha, kumvalisha na kumbeba, tukabadilisha namna ya kuvifanya tu. Mtoto akawa anapata mazoezi yake ndani ya siku ile ile bila mama kuongezewa hata dakika. Tangu hapo mimi huduma naipima kwa kitu kimoja, je ukirudi nyumbani siku yako imebadilika? Kama unaenda kila wiki, mtoto ananyooshwa miguu nusu saa nyuma ya pazia wewe umekaa kwenye benchi nje, halafu unarudi kumbeba na kumlisha vile vile, hujahudumiwa bado. Mwambie anayemfanyia mazoezi "nifundishe mimi, nionyeshe kwa mikono yangu, nirekodi kwa simu". Mtaalamu mzuri atafurahi. Akikataa uliza sababu.

Na ndo jibu la "ziko wapi". Hizi huduma za karibu mara nyingi sio jengo lenye bango, ndo maana hujaziona. Wazo lake lilikua baada ya mkutano wa Alma-Ata wa 1978 wa afya ya msingi, pale Shirika la Afya Duniani lilipoanza kusema utengamao (kumsaidia mtu mwenye ulemavu aweze shughuli zake za kila siku) usisubiriwe hospitali kubwa tu, upelekwe kwenye jamii, ufundishwe kwa familia na wahudumu wa karibu. Mwongozo wao wa 2010 ukapanua zaidi, ukaweka afya, elimu, kipato, maisha ya kijamii na watu wenyewe kuwa na sauti, vyote pamoja. Kwa vitendo maana yake ni watu. Mhudumu wa afya anayepita nyumba kwa nyumba, mtu wa mazoezi anayekuja kituo cha jirani siku moja kwa mwezi, mwalimu mmoja aliyesomea elimu maalumu, chama cha watu wenye ulemavu, kikundi cha wazazi. Unawafikia kwa kuuliza jina la mtu sio jina la ofisi, na kila mtu unayekutana naye usiondoke bila kumuuliza "ni nani mwingine ninayepaswa kuonana naye, na nimwambie umenituma wewe?" Hilo swali moja limefungulia familia nyingi milango kuliko fomu yoyote ninayoijua.

Mgongo wako na mkao wa mtoto ni shida moja, sio mbili. Mtoto wa miaka 4 asiyekaa analala au anabebwa, ndo njia mbili tu alizonazo, na zote zinakula mwili wako. Atazidi kuwa mzito, hilo halina mjadala, kwa hiyo kiti cha kumshika vizuri kisubiriwe kama dawa na sio kama zawadi. Sio lazima kiwe cha dukani. Kuna viti vinatengenezwa na fundi seremala kwa vipimo vya mtoto, kuna ufundi wa kugandisha makaratasi na maboksi tabaka juu ya tabaka mpaka vinakuwa vigumu kama mbao, uliokuzwa Zimbabwe na sasa unatumika nchi nyingi. Muhimu ni vipimo na mtu anayejua kuvichukua, upana wa kiti uendane na nyonga zake, kina kiishie kidogo tu kabla ya nyuma ya goti, miguu ikanyage, pembeni kuwe na kitu cha kumzuia asianguke upande.

Ukipewa kitimwendo (kiti cha magurudumu) cha msaada, tafadhali usikipokee kwa sababu tu ni cha bure. Kiti cha mtu mzima akiwekwa mtoto wa miaka 4 atapinda mgongo ndani yake, ataserereka, atapata vidonda vya kukaa, na mwisho kiti kitabaki kona ya nyumba kinawekewa nguo. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2008 umetaja hatua nane za utoaji wa kitimwendo, kukabidhiwa kiti ni sehemu ndogo tu, kuna kupimwa kabla, kujaribishwa na kurekebishwa, kufundishwa kukitumia, na kufuatiliwa na kutengenezewa kikiharibika. Muulize anayekigawa nani atakitengeneza. Najua ni vigumu kukataa wakati huna kitu, ripoti ya kimataifa ya 2022 ilisema zaidi ya watu bilioni 2.5 wanahitaji angalau kifaa kimoja cha kuwasaidia na kwenye baadhi ya nchi maskini wanaokipata ni asilimia 3 tu ya wenye uhitaji. Lakini kiti kibaya kinadhuru.

Hafu kuna kitu hukuuliza na pengine hakuna aliyekwambia, nyonga. Mtoto asiyesimama wala kutembea, mfupa wa paja unaweza kutoka taratibu kwenye tundu lake bila mtu kujua mpaka siku anaanza kulia kila ukimbadilisha nguo. Wataalamu wanapanga watoto wenye mtindio kwenye ngazi 5 za mwendo, mfumo huo ulitoka 1997, ya 1 anatembea mwenyewe, ya 5 hata kichwa kukishika ni kazi. Kwa maelezo yako mwanao yuko ya 4 au ya 5, atakayemwona ndo athibitishe. Utafiti wa 2006 ulionyesha nyonga kuhama ni kama hakuna kwa watoto wa ngazi ya 1 ila ni karibu tisa kati ya kumi kwa ngazi ya 5. Kwa hiyo omba eksirei ya nyonga, sema kabisa "naomba eksirei ya nyonga zote mbili, hajawahi kupigwa", na irudiwe kadri daktari atakavyokupangia. Ikigundulika mapema kuna ya kufanya.

Nikishataja ngazi inabidi niseme na hili japo linauma. Mtoto ambaye miaka 4 bado hakai mwenyewe, uwezekano wa kuja kutembea mwenyewe ni mdogo sana. Sikwambii ili ukate tamaa, nakwambia kwa sababu nimeona familia zinamaliza nguvu, akiba na ndoa zikikimbizana na kutembea, mtoto anafika miaka 10 hajatembea na pia hana njia ya kusema njaa, hana kiti, hajawahi kucheza na mwenzake. Kuna watafiti wawili wa Canada, Peter Rosenbaum na Jan Willem Gorter, 2012 waliandika kwamba kwa watoto hawa tuangalie vitu sita, shughuli anazoweza kufanya hata kwa namna yake, familia, afya ya mwili, furaha, marafiki na maisha yake ya mbele. Kutembea kama watu wengine hakumo. Na atakayekuuzia dawa, mafuta, sindano au maombi ya malipo ya "kuponya" mtindio, mwache apite. Ubongo ulishaumia, jeraha lenyewe haliondolewi na dawa, ila mengi yanayofuata baada ya jeraha yanazuilika. Dawa pekee ninayokusihi usiichezee ni ya kifafa kama anatumia, usiikatishe ghafla hata siku moja hata kama degedege limeisha miezi.

Sasa kitu kilichonifurahisha kwenye barua yako, umesema "mimi naona anaelewa". Nakuamini. Takwimu zinazojulikana sana za mtindio zinasema kama mtoto 1 kati ya 4 haongei, lakini ulemavu wa akili unakuwa kwa karibu nusu tu, maana yake nusu nyingine akili iko salama, na wapo kati yao ambao mdomo ndo umekataa. Hizo hizo zinasema 3 kati ya 4 wana maumivu, kwa hiyo kilio chake usikihesabu ukorofi. Anza leo na "ndiyo" na "hapana". Angalia ni kitu gani anakifanya bila kukosea, kuangalia juu, kufumba macho, kutoa sauti, kutabasamu, chagua kimoja kiwe ndiyo, na nyumba nzima ijue. Mshikie vitu viwili, kikombe na mpira, muulize anataka kipi, hesabu moja mpaka kumi kimya kimya kabla hujamsaidia, hapo ndo wengi tunakosea, tunajibu wenyewe baada ya sekunde mbili wakati yeye macho yake bado yako njiani. Baadaye utatoka kwenye vitu uende kwenye picha, ubao wa picha unaochorwa kwa mkono unatosha kabisa. Haumzuii kuongea kama ana uwezo wa kuja kuongea. Na masikio na macho yapimwe, usikubali kuambiwa hapimiki kwa sababu haongei.

Ofisi. Barua wanayokudai ustawi kwa kawaida ni ya daktari, na kosa linalowarudisha watu mara tatu ni barua inayosema jina la ugonjwa tu. "Ana mtindio wa ubongo" haimwambii afisa kitu. Muombe daktari aandike anachoshindwa na anachohitaji: hakai bila kushikwa, hawezi kujilisha, anahitaji mtu muda wote, anahitaji kiti maalumu, anahitaji kufuatiliwa kumeza na nyonga. Barua moja ya namna hiyo inafanya kazi ustawi, inafanya kazi shuleni, inafanya kazi kwa shirika lolote. Toa kopi nyingi, halisi usimwachie mtu. Kila ukienda andika tarehe, jina la uliyemkuta na alichosema, na akikukatalia muombe kwa upole aandike kwamba amekataa na kwa nini. Sio ugomvi huo, ni kumbukumbu, na nimeona mara nyingi kalamu ikigusa karatasi jibu linabadilika. Uliza pia kuhusu kumsajili kama mtu mwenye ulemavu, sehemu nyingi usajili ndo unaofungua posho, misamaha na vifaa. Wakitaka kumpiga picha mtoto kama sharti la msaada una haki ya kukataa.

Shule wakisema "bado", waulize bado nini. Bado choo? Bado kiti? Bado mwalimu wa kumlisha? Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa 2006, nchi nyingi mno zimeuridhia, ibara ya 24 inataka mtoto asizuiwe shule kwa sababu ya ulemavu na afanyiwe marekebisho anayohitaji. Lakini nakushauri usiingie na mkataba mkononi siku ya kwanza. Nenda na mtoto, na kiti chake kikishapatikana, na ile ndiyo na hapana yake, mwalimu mkuu amuulize kitu na yeye amjibu kwa macho. Nimeshaona hilo likigeuza mkutano mzima.

Nimefika kwenye kituo. Nimekiacha huku kwa makusudi, nilitaka kwanza uone ni mangapi bado hayajajaribiwa.

Hapana dada, usimpeleke kuishi huko. Na sisemi hivyo kukuhukumu, aliyewaza kumpeleka mtoto kituoni ni mtu aliyechoka, na uchovu wako ni wa kweli. Nasema kwa ninayoyajua. Romania mwaka 2000 ulianza utafiti mmoja wa Bucharest, watoto 136 waliokuwa wanalelewa kwenye taasisi, nusu yao wakachaguliwa kwa kura wakapelekwa kwa familia za kuwalea, na waliopata familia wakakua vizuri zaidi kwa akili, kwa lugha na kwa kushikamana na watu, hasa waliotoka kabla ya miaka miwili. Hao hawakuwa watoto wenye ulemavu mzito kama wa mwanao, lakini fikiria, kama mtoto anayeweza kulia kwa nguvu, kutambaa na kumfuata mlezi anafifia kwenye jengo la walezi wachache, huyu ambaye kijiko chake kinahitaji mtu mwenye subira wa kusubiri ameze, atapata nini akiwa wa kumi na tano kwenye foleni ya kulishwa? Atalishwa amelala, haraka haraka. Unajua sasa maana yake. Na "ndiyo" yake ya macho ni nani ataifahamu?

Ule mkataba niliosema, ibara ya 23, unasema mtoto asitenganishwe na wazazi kwa sababu ya ulemavu, na familia ya karibu ikishindwa, serikali ijitahidi apatikane ndugu wa kumlea, na ikishindikana basi ndani ya jamii katika mazingira ya familia. Maana yake ukifika ofisini usiogope kusema "nimeelemewa". Sema. Hilo neno halimaanishi umchukue mtoto, linamaanisha nisaidieni nibaki naye.

Ila muulize mama mkwe vizuri kuhusu hicho kituo, pengine kina huduma ya kutwa, asubuhi unampeleka jioni unamchukua. Hiyo ni habari tofauti kabisa na ningekwambia ukaitazame. Nenda bila kupiga simu, wakati wa chakula, uone watoto wanalishwa wakiwa wamekaaje. Angalia kama wanaitwa kwa majina. Uliza mlezi mmoja ana watoto wangapi, uliza kama mzazi anaruhusiwa kuingia muda wowote, wakisita ondoka naye.

Na mama mkwe simuoni kama adui. Anakuona unavyoinama. Mpe kazi moja ambayo ni yake peke yake, labda mlo wa jioni baada ya wewe kumfundisha ule mkao, aanze na vijiko vitano tu wewe upo pembeni. Bibi aliyemlisha mjukuu akameza salama haongei tena habari za kituo, hilo nimelishuhudia zaidi ya mara moja. Baba yake mtoto hukumtaja kabisa, sitauliza, ila kama yupo na yeye apewe kitu chake, kumuogesha kwa mfano, mikono yenye nguvu inafaa sana pale.

Kabla ya ofisi yoyote wiki hii, tafuta mama mmoja mwenye mtoto kama wako. Mmoja tu. Yupo, duniani watu wenye ulemavu ni kama bilioni 1.3, mtu 1 kati ya 6, ni kwamba wengi wamefungiwa ndani kama wewe ulivyobaki ndani. Muulize mtu wa mazoezi pale hospitali, siku za kliniki kaa kwenye benchi uongee na uliyekaa naye. Huyo mama atakwambia afisa yupi anasikiliza, fundi yupi anajua kutengeneza kiti, saa ngapi foleni ni fupi, vitu ambavyo mimi na elimu yangu sivijui. Mkiwa wawili mnaweza kushikiana watoto, yeye akae nao masaa mawili wewe ulale, kesho wewe. Mkiwa watano mnaweza kumwita mtu wa mazoezi aje kwenu mara moja kwa mwezi badala ya nyie kubeba watoto kwenda kwake. Vikundi vingi vya wazazi ninavyovijua vilianza hivyo hivyo, watu wawili waliochoka.

Na mgongo wako upimwe, nenda wewe kama mgonjwa, sio kama msindikizaji. Ukimnyanyua kunja magoti, mlete karibu na kifua kwanza ndo usimame, usijipinde huku umembeba, na acha kumnyanyua kutoka chini kabisa kama unaweza kumlaza mahali palipoinuka asipoweza kuanguka.

Nijibu kuhusu kifua chake, mara ngapi ameugua mwaka huu, na kama ana degedege. Na umesema "mwanangu" barua nzima, hukuniandikia jina lake. Niandikie anaitwa nani, na akiona nini anacheka.